Risiti ya Marafiki wa Mheshimiwa

Siku ya harambee ya kanisa niliwekwa kwenye meza ya risiti kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na mimi siongei. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alisema hivyo hivyo mbele ya mama, kana kwamba mimi ni kabati. "Huyu ni mzuri. Anaandika na hana maneno." Mama alifurahi. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu nyuma ya meza mtu hupata pa kuweka mikono yake.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Nikiitwa darasani kujibu swali, shingo hupata joto na jibu nililokuwa nalo hutoroka. Kwa hivyo naandika. Daftari zangu zimejaa majibu ya maswali ambayo walimu walishasahau kuyauliza.

Kanisa letu liko Tassia, limebanwa na maghorofa ya kupanga pande tatu. Ni la mabati, na mvua ikinyesha mahubiri husimama mpaka inyamaze. Nyuma yake kuna chekechea ya kanisa, madarasa matatu na jiko, na mama ndiye mpishi wa hiyo chekechea. Uji saa nne, githeri au wali na maharagwe saa sita. Mkataba wake ni wa muhula. Kila muhula ukikaribia kuisha kamati ya shule hukaa na kuamua kama ataendelea, na kwa miaka sita ameendelea. Baba aliacha kazi ya reli mgongo ulipomshinda, akarudi nyumbani magharibi kulima. Anatutumia mahindi. Nyumba na karo ni jiko la mama.

Sasa, kuhusu risiti. Kulikuwa na wakati, mimi nikiwa bado mdogo, pesa za kununua madirisha zilipotea na hakuna aliyeweza kusema zilipotelea wapi, kwa sababu kwenye daftari kulikuwa kumeandikwa "mpendwa", "familia", "jina limehifadhiwa". Mchungaji aliweka sheria. Kila toleo la ujenzi liandikiwe risiti, na kila risiti iwe na jina la mtu aliyezaliwa na mama yake. Asubuhi ya harambee mwenyekiti alinirudia hayo akinikabidhi kalamu. "Wakija watu watano na bahasha moja, andika majina matano. Asiyetaka kutajwa arudi na pesa yake nyumbani. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimemwelewa kabisa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Lazima nieleze pia jinsi tunavyokaa. Wanaotafuta kiti cha mwakilishi wa wadi yetu ni wengi, mabango yao yamefunika hata nguzo za stima, lakini kanisani kwetu ni wawili tu. Mmoja ni yule tunayemwita Mheshimiwa ingawa bado hajachaguliwa kitu. Alisoma shule ya Jumapili hapo hapo kwetu, na wazee wanakumbuka alivyokuwa akilala wakati wa maombi. Wa pili ndiye aliye kitini sasa, naye ni mtu wa wokovu, hufunga na kuomba, hata watu wake husema alioteshwa agombee. Hakuna aliyetangaza kwamba tugawanyike. Ilitokea polepole, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka watu wa Mheshimiwa wakajikuta upande wa ukuta na watu wa yule wa kitini upande wa dirisha. Mchungaji akisema "mgeukie jirani yako umwambie Mungu anakupenda", kila mtu anamgeukia jirani wa upande wake. Anti mmoja aliyekuwa akinisuka tangu darasa la pili ni wa dirisha. Siku hizi ananiambia hana nafasi.

Mama ni wa ukuta. Ana leso yenye uso wa Mheshimiwa, huivaa hata akipepeta maharagwe. "Huyu ni mtoto wetu," husema. "Mtu unayejua alikotoka huwezi kumwogopa."

Mheshimiwa alifika saa saba, akiwa amechelewa kiasi kile ambacho wageni wa heshima huchelewa. Aliimba pambio zima na kwaya bila kuangalia karatasi. Upande wa ukuta ulisimama. Upande wa dirisha ulianza kutafuta mistari kwenye Biblia. Kisha akapewa nafasi asalimie.

"Mchungaji, sikuja hapa kufanya siasa," akasema, na watu wa pande zote wakacheka, kwa sababu hivyo ndivyo siasa huanza. "Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Lakini mimi na marafiki zangu tulikaa chini, tukaulizana, je, tunalala vipi usingizi na nyumba ya Mungu inavuja? Basi mimi na marafiki zangu tumeleta laki tano!"

Vigelegele vilipanda mpaka kwenye mabati. Mwenyekiti, ambaye muda wote alikuwa amesimama karibu yangu akisoma majina ya watoaji kwenye maikrofoni, aliilaza ile maikrofoni juu ya meza, kando ya kitabu changu, akakimbia kumkumbatia mgeni. Msaidizi wa Mheshimiwa, mwanamke mwenye miwani ya jua iliyopandishwa kichwani, alileta begi dogo la kaki na kuliweka mbele yangu.

"Andika laki tano," akasema.

"Kwa jina gani?"

"Mheshimiwa na marafiki."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikamkumbuka mwenyekiti na watu wake watano wa bahasha moja. Nikauliza kwa sauti ninayotumia mimi, ambayo hata mama huniambia nirudie.

"Marafiki ni kina nani? Nahitaji majina."

Sauti ilitoka juu ya kichwa changu. Ilitoka nyuma yangu pia, na nje kwenye spika inayoelekea barabarani. Ilikuwa kubwa, tulivu, kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Niligeuka kuona ni nani amesema.

Halafu mzee mmoja wa upande wa dirisha, fundi wa viatu mwenye sauti ya kuita, akapaza: "Ehe! Mtoto ameuliza, ajibiwe!"

"Tunataka kuwajua tuwaombee!" mwingine akadakia.

"Shindwe!" wa ukuta akajibu. "Nani amemtuma huyo?"

Mheshimiwa alicheka. Alicheka vizuri, hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Marafiki zangu ni ninyi nyote, watu wa Mungu!"

"Amina!" ukuta ukaitika.

"Basi mimi nilitoa ngapi?" akauliza fundi wa viatu, na upande wa dirisha ukaangua kicheko mpaka mchungaji akainuka kuanzisha wimbo.

Yule mwanamke aliinama karibu nami. "Andika uniondokee, msichana."

Niliandika: *Mheshimiwa na marafiki ambao hawakutajwa.* Sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa kweli, na nafasi ilitosha. Nikamchania risiti, nakala yake ya kaboni ikabaki kitabuni.

*

Tulirudi nyumbani, mtaa wa Pipeline. Tulipanda ngazi orofa nne, akafungua kufuli, akaivua leso na kuikunja mara nyingi kuliko inavyokunjika.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nitazame."

Nikamtazama.

"Ni yule anti wa kusuka?"

"Mama, sikujua imewashwa. Nilikuwa namuuliza yule mwanamke peke yake."

"Na kuuliza kwenyewe, nani alikufundisha?"

"Mwenyekiti. Alisema kila risiti iwe na jina."

"Mwenyekiti alikuwa anasema watu kama sisi!" Akakaa kitandani. "Watu wa mia mbili mia mbili. Mtu akileta laki tano unamshukuru, unaandika, unafunga mdomo. Na wewe si ndiyo kazi yako, kufunga mdomo? Miaka kumi na saba nakubembeleza uongee. Siku moja tu nilitaka unyamaze."

Nilichambua mchele.

Kufikia jioni video ilikuwa imefika kwenye grupu la kanisa, na kesho yake kwenye magrupu ambayo hayana kanisa. Mimi sionekani vizuri, naonekana paji la uso na kitabu. Lakini sauti iko. Watu waliiwekea midundo. Mama aliisikia kwa muuza mboga, akaondoka bila sukuma wiki zake.

Shuleni nakaa dawati moja na msichana wa Majengo, Pumwani, mkorofi kwa namna nzuri, anayeongea kwa niaba yetu sote wawili. Jumatatu aliningoja mlangoni.

"Niaje, Risiti."

"Wacha."

"Marafiki ni kina naaani? Nahitaji majiiina."

"Si uwache basi."

"Zii, umeweza! Babu yangu ameiona mara tatu. Amesema ukifika kwetu kuna mahamri yako."

Nilimwambia naogopa, kazi ya mama iko mikononi mwa hao hao watu. Akaacha kucheka. Akanisimulia ya kwao. Ramadhani iliyopita mgombea wa huko, wa chama kile kile ambacho upande wa dirisha kanisani kwetu unakishangilia, alileta mazulia msikitini.

"Zulia laini, ukisujudu hutaki kuamka. Sasa kuna wanaoswali kwa zulia na wanaoswali kwa simiti nyuma. Wa simiti wanasema pesa hiyo hawaijui ilikotoka, wa zulia wanasema hao wa simiti wamenunuliwa na upande ule mwingine. Amu yangu na ndugu yake wa kuzaliwa hawajasalimiana tangu Idi. Wanapishana mlangoni kama wapangaji."

"Alisema nani amenunua mazulia?"

Akanitazama. "Si yeye na marafiki zake?"

Tulicheka mpaka mwalimu wa jiografia akatutoa nje. Nikiwa nimesimama pale ukutani kicheko kiliniisha. Nilikuwa nikidhani kuna upande mmoja ulionifurahia kwa sababu unapenda sheria ya risiti. Kumbe walifurahia tu kwamba aliyeulizwa si mtu wao.

Jumatano nikitoka shule, fundi wa viatu alikuwa ananisubiri kwenye lango la ploti yetu na mfuko wa plastiki.

"Binti yangu," akasema, "umefanya kazi ya Bwana. Jumamosi tuna mkutano uwanjani. Hutahutubu. Utashika maikrofoni dakika moja, uulize swali lako, ushuke."

Shingo ikapata joto. Nilitaka kumuuliza kama mtu wao pia atakuwa jukwaani nimuulize na yeye. Swali lilikuwa limekaa tayari, na herufi kubwa mwanzoni. Halikutoka. Nilitikisa kichwa.

"Ni uoga tu huo. Fikiria," akasema, akanishikisha mfuko, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na fulana na kofia za yule wa kitini. Ningeuacha pale langoni. Sijui kwa nini niliupandisha juu; nafikiri niliona aibu kutupa kitu nilichopewa na mtu mzima. Mama aliukuta chini ya meza kabla sijavua viatu.

"Kwa hivyo ulitumwa."

"Mama, amenipa sasa hivi. Mimi nimekataa."

"Umekataa na umebeba?"

Alikuwa amekaa na fulana mapajani, akiivuta mshono kama anapima nguo ya kununua. "Ukiwa na kosa lako nitakupigania," akasema. "Lakini niambie ukweli nijue napigania nini."

"Ukweli nimekwambia."

"Wakiiona hii hapa ndani, nimekwisha."

Aliikata vipande na kisu cha jikoni, akavitia kwenye ndoo ya matambara. Kofia alishindwa kuikata. Aliitumbukiza chini kabisa na kuweka sabuni juu.

Kesho yake alikuja mwenyekiti wa kamati ya shule. Ni mama wa kwaya, mwembamba, rafiki ya mama tangu mimi nikiwa nabebwa. Alikataa chai, na mama akaona hapo hapo kwamba mambo ni mabaya.

"Dada, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali."

"Wiki ijayo tunakaa na mikataba. Na kuna watu wanauliza kama jikoni kwetu tunafuga nyoka."

"Nyoka gani, dada? Huyu ni mtoto. Humjui huyu? Huyu akitumwa dukani huandika kwenye karatasi."

"Ndiyo ninavyowaambia. Lakini video inatembea, Mheshimiwa ameaibika, na zile laki tano ni nusu tu ya alichoahidi. Nusu ya pili imesimama." Akanigeukia. Macho yake hayakuwa mabaya, yalikuwa yamechoka. "Jumapili usimame, mamii. Useme ulikosea kuuliza. Halafu uandike risiti nyingine, jina lake peke yake, ile ya kwanza ifutwe. Dakika mbili tu, tumalize mambo. Utaweza?"

"Ataweza," mama akajibu.

*

Jumamosi mchana nilienda kumsaidia mama kusugua sufuria za chekechea, lakini hasa nilienda kufanyishwa mazoezi. Jiko lile halina mwanga. Lilikuwa na dirisha linalotazama uwanja wa nyuma, ila mwaka uliopita ghorofa jipya lilipanda mpaka likasimama umbali wa mkono kutoka pale. Sasa mama hupika na taa mchana kweupe.

"Sema tena."

"Naomba radhi kwa niliyosema siku ya harambee..."

"Kwa sauti. Hapa hakuna maikrofoni."

"Naomba radhi kwa niliyosema siku ya harambee. Nilikosea kuuliza."

"Usitazame chini. Ukitazama chini wanaona umelazimishwa."

"Si nimelazimishwa?"

Alinitupia jicho. Akaendelea kusugua masizi kwa mchanga. Kisha akasema, kana kwamba tulikuwa tunaongea habari hiyo tangu asubuhi, "Yule mwenye hili ghorofa alikuwa ndani ya gari."

"Gari gani?"

"La Mheshimiwa. Siku ile. Nilipeleka maji ya kunywa, mlango ukafunguliwa. Alikuwa amekaa nyuma. Begi lilikuwa miguuni pake, akampa yule mama wa miwani. Yeye hakushuka."

Nilisimama na kipande cha waya mkononi. Mama naye alikuwa ameacha kusugua. Sote tulijua alichokuwa hasemi. Mwezi uliopita watu wawili walikuja na kamba kutoka upande wa hilo ghorofa, wakapima uwanja mdogo uliobaki, pale watoto wanapochezea wakishakunywa uji. Mama aliwauliza wanapima nini. Walimwambia hayo ni mambo ya kanisa.

"Ungemwambia mwenyekiti wa ujenzi," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeona mtu amekaa kwenye gari?"

"Pengine ni mtu mzuri tu, ametoa."

"Pengine." Alisuuza sufuria, akaipindua. "Mtu mzuri angeshuka tukamshukuru." Halafu, kwa hasira ambayo sikujua ni ya nani, "Sema tena!"

Nilisema tena. Nilisema mara nane.

*

Jumapili sikunywa chai. Baada ya matangazo mchungaji alisema kuna binti yetu ana neno. Hakusema zaidi, na hakunitazama. Ni mtu mpole. Nadhani alitaka tu paa, na watu wawe chini yake.

Nilipanda. Maikrofoni ilikuwa na joto la mkono wa mwenyekiti wa ujenzi. Kulia, ukuta ulikuwa umekunja mikono ukisubiri. Kushoto, dirisha lilikuwa na simu hewani, wote wakinirekodi.

"Naomba radhi," nikasema, "kwa kuongea kwenye maikrofoni. Sikujua imewashwa."

Mama wa kwaya aliitikia kwa kichwa kunihimiza niendelee.

"Na nilikosea..." Lilikuwa limebaki neno moja tu. Nililijua vizuri. Nililitafuta kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba asichokizoea. "Nilikosea kuuliza kwa sauti."

Dirisha lilicheka. Ukuta ulisema amina, lakini ile amina iliyokuja na alama ya kuuliza. Mwenyekiti alinichukua maikrofoni haraka, akaizima, akaangalia mara mbili kama kweli imezimika. Kisha akanisogezea kitabu. Nakala ya risiti ya zamani alikuwa ameshaipiga mistari miwili. Karatasi mpya ilikuwa wazi, na kalamu juu yake.

"Andika jina lake. Moja tu."

"Mwenyekiti," nikanong'ona, "ni yeye peke yake aliyetoa?"

"Andika, mwanangu. Watu wanangoja."

Nilimtafuta mama. Alikuwa safu ya tatu upande wa ukuta, kati ya wanawake wa leso. Alikuwa akinitazama kama anavyotazama maharagwe kwenye kijiko, akikisia kama yameiva. Nilimngoja anikaze kwa macho, anifanyie ile ishara ya kidevu inayosema fanya haraka turudi nyumbani. Alitikisa kichwa. Kidogo sana, kushoto na kulia. Nilidhani anafukuza nzi. Akatikisa tena.

Nikaweka kalamu chini.

"Siwezi," nikasema. Hakuna aliyesikia isipokuwa mwenyekiti.

Alikaa kwenye kiti changu akaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya unaolala upande mmoja, na mchungaji akaanzisha wimbo.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa kasi, akiruka madimbwi ya maji machafu.

"Sijui," akasema. "Usiniulize. Tembea."

Barua ya kamati ilikuja wiki ya kufunga shule. Ilikuwa na sentensi tatu, na ya katikati ilimshukuru. Mama wa kwaya hakuileta yeye, aliituma. Siku mbili baadaye tulisikia mpishi mpya ameshapatikana, na kwamba ni mtu wa ukuta pia, kwa hivyo mama hakuweza hata kusema ameonewa na upande ule mwingine. Nilitaka anigombeze. Nilizunguka mle chumbani nikijipitisha karibu naye ili iwe rahisi. Alinituma nikanunue mkaa.

Jumatatu hii aliamka, akavaa gauni la kanisani, akaenda soko la Burma kuulizia kazi. Pale kuna bucha na majiko ya nyama choma yamepangana, na mtu anayejua kupika kwa wengi hapati shida kueleza kazi yake. Alirudi saa tisa, akavua viatu, akakaa akisugua nyayo.

"Kuna mmoja anataka mtu wa kupika ugali na mboga mchana," akasema. "Alipopata kunitazama vizuri akaniuliza, wewe si mama ya yule msichana wa risiti? Nikamwambia ndiye. Akafurahi! Akanipa soda. Kumbe yeye ni wa chama cha wale wa dirisha. Akasema, mama, umekuja nyumbani, wewe ni mtu wetu, anza kesho."

"Kwa hivyo unaanza kesho?"

"Nikamwambia mimi si mtu wao. Nikamwambia mimi nampigia kura Mheshimiwa."

"Mama!"

"Si ndiyo ukweli?"

"Bado unampigia? Na kazi wamekunyima?"

"Ni mtoto wetu. Nitampigia, halafu nitamuuliza." Akainua mguu mwingine. "Kisha yule wa Burma akasema basi, atafikiria, atanipigia simu."

"Si ungenyamaza tu, mama? Si ungekunywa soda yake ukanyamaza?"

Alinitazama. Niliona kicheko kinakuja kisha kikaghairi njiani.

"Wewe ulinyamaza?" akaniuliza.

Leo ni Alhamisi. Kodi ya nyumba inadaiwa wiki ijayo, na shule zikifunguliwa nitahitaji karo. Mama ameiacha simu mezani, ameichomeka kwenye chaji tangu asubuhi, sauti imewekwa juu kabisa. Imelia mara nne. Kila mara tunaifikia pamoja, na kila mara ni ujumbe wa wagombea, wanatutakia baraka na kutuomba kura. Mama anausoma wote mpaka mwisho, mmoja mmoja, halafu anairudisha pale pale.